Mbao za sakafu: mwaloni wa kwenye simu au mninga wa kwetu?

Maswali ninayopata hubadilika na msimu. Desemba naulizwa mbolea, Februari viwavijeshi, lakini kuanzia Julai vijana wanaanza kuniuliza mambo ya nyumba. Mahindi yameuzwa, bati limeshapanda, sasa imebaki ndani. Kijana mmoja wa hapa Kasokola, analima mahindi na alizeti, alinionyesha picha kwenye simu yake: sebule ya Ulaya, sakafu ya mbao za mwaloni inang'aa kama maji. Akasema, "Bwana shamba, nataka hii. Nimechoka na vumbi la simenti. Fundi anasema mbao atanitafutia yeye. Ninunue zipi?"

Nikataka kumjibu kwamba hilo si swali langu, aende kwa seremala. Halafu nikajishika. Ubao ni zao kama mahindi: una unyevu, una wadudu, una madaraja, na una watu wanaokuuzia daraja la tatu kwa bei ya la kwanza. Zaidi ya hapo, mimi mwenyewe nimeshaliwa hela kwenye jambo hili. Kwa hiyo naandika.

Tuanze na huo mwaloni. Ni mti wa nchi za baridi. Barani Afrika unaota wenyewe kaskazini tu, Moroko, Algeria na Tunisia. Huku kwetu haupo. Ukisikia fundi anasema ana mwaloni wa hapa hapa, mara nyingi anazungumzia mgrivea, ule mti unaopandwa kwenye mashamba ya kahawa, ambao Waingereza waliupa jina linalofanana na la mwaloni kwa sababu ya maua ya ubao wake. Mgrivea asili yake Australia na si ndugu wa mwaloni. Ni mti mzuri kwa kivuli na kuni, kwa sakafu hapana, ni laini.

Wazungu wanaupenda mwaloni kwa sababu mgumu wa kutosha, viti na viatu haviutoboi haraka, na kiini chake hakiozi upesi. Mita moja ya ujazo ya mwaloni mkavu ina uzito wa kilo 700 hivi. Sasa linganisha na mninga wetu: kilo 600 na kitu. Tofauti si kubwa kama unavyodhani. Ila mninga unaushinda mwaloni kwa mambo mawili ambayo kwa Mpanda ndiyo yenye uzito. Kwanza mchwa: kiini cha mninga mchwa wanakiogopa, mwaloni wanautafuna ingawa si kwa haraka. Pili, mninga hauchezi. Ubao wa mwaloni wenye upana wa sentimita 10 ukitoka mbichi hadi kukauka kabisa unaweza kupungua karibu sentimita nzima. Wa mninga unapungua milimita 3 hivi. Kwetu, Oktoba hewa inakwaruza koo na Januari nguo hazikauki siku mbili. Ubao usiocheza ni mali.

Na kitu kingine. Yale maboksi madukani yaliyoandikwa "oak" kwa nje, mengi ndani hayana mwaloni hata kidogo. Ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, juu yake karatasi yenye picha ya mwaloni, juu ya karatasi utando mgumu wa plastiki. Neno hilo pale ni jina la rangi. Si bidhaa mbaya kwa ofisi ya ghorofani. Ila maji yakikaa kwenye maungio, ule unga unavimba kama ugali na haurudi tena. Nyumba ambayo ndoo inapita kila asubuhi, sikushauri. Njia rahisi ya kujua: tazama ubavu wa kipande. Mistari ya juu ikishuka hadi kwenye ubavu na kutokea chini, ni ubao. Ikiishia kwenye kona, ni picha.

Basi turudi kwenye mbao zetu na kilichonipata.

Nilipomaliza chumba changu cha kwanza nilinunua mbao kwa mtu aliyekuja nazo nyumbani jioni, Desemba, mvua ikinyesha. Aliniambia mninga. Bei ilikuwa nzuri mno, na hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Sikuuliza karatasi, sikukata kipande, sikupima chochote. Fundi akapiga misumari wiki hiyo hiyo. Krismasi chumba kikapendeza, wageni wakavua viatu mlangoni. Kufikia Agosti, kati ya ubao na ubao punje ya hindi ilikuwa inapita bila kugusa popote. Mbao mbili zilijikunja kingo zikainuka juu. Halafu pembeni pakaanza kutoka unga mweupe, laini kama podari, na vitobo vidogo. Yaani mimi ninayefundisha watu kukausha mahindi nilikuwa nimelaza sakafu mbichi. Nilipomwita seremala mzee wa mjini aje kuangalia, nikampa shikamoo, akapiga ubao mmoja kwa kisigino, akacheka. "Marahaba. Mwanangu, hapa mninga ni mbao nne. Zingine ni mtundu, na hizi nyeupe ni nyama ya nje ya mti."

Mtundu wengi mnaujua kwa nyuki. Huo mwachie nyuki. Mbao zake zinapasuka, zinajipinda, na wadudu wanazipenda. Ukiwa mbichi na umerandwa vizuri, rangi yake inaweza kumdanganya asiyejua, ndiyo maana unachanganywa. Mninga halisi una mpaka unaoonekana wazi: kiini ni kahawia, wakati mwingine chenye michirizi myekundu, na nje pana mkanda mweupe wa rangi ya maziwa yaliyoganda. Huo mkanda mweupe, hata kama mti ni mninga wa kweli, hauna kinga. Kinga ipo kwenye kiini tu. Muuzaji akikwambia "ni mninga huu huu" huku ubao una upande mweupe wa inchi mbili, hajadanganya, lakini wewe ndiye utakayeliwa. Kataa au mwambie aukate huo upande.

Mkongo, ambao wengine huuita mkora, ni mzito na mgumu kuliko mninga, nao hauchezi sana. Kwa sakafu ni bora hata kuliko mninga, isipokuwa unachosha fundi. Lazima atoboe kwanza kwa drili kabla ya msumari au skrubu. Mkurungu ni ndugu wa mninga, mwekundu zaidi, na umekatwa sana ukanda wetu kwa ajili ya soko la nje. Mtiki unatoka mashamba ya serikali kama Longuza kule Muheza na Mtibwa Morogoro, na mashamba ya Kilombero. Ni ubao mtulivu, una mafuta yake, mchwa hawaupendi, lakini kufika Mpanda gharama ya lori inauma. Paina kutoka Sao Hill unapatikana na ni rahisi. Kwa sakafu ya chumba cha kulala unaweza kutumia kama umewekwa dawa kiwandani, ila ujue mguu wa kitanda utaacha alama. Mkaratusi ni mgumu na unavutia kwa bei, tatizo unajipinda ukikauka kama nyoka aliyekanyagwa. Mtu mwenye subira na stoo ya kukaushia anaweza kuumudu. Wengi hawana.

Sasa unyevu, na hapa ndipo ninyi wakulima mna faida kuliko mtu wa mjini. Mnajua kwamba mahindi ya asilimia 18 hayaingii ghalani, na kwamba ukipeleka NFRA wanataka yasizidi 13.5. Kwa ubao wa sakafu hapa Mpanda mimi nalenga kati ya 10 na 12. Ila angalieni, kile kipima unyevu cha mahindi hakipimi mbao, na hesabu yenyewe ni tofauti. Kwenye mahindi tunagawanya maji kwa uzito wa zao likiwa na maji yake. Kwenye mbao tunagawanya maji kwa uzito wa ubao mkavu.

Fanya hivi. Chagua ubao mmoja katikati ya lundo. Usichukue kipande cha mwisho wa ubao, maana ncha hukauka kwanza na itakudanganya. Ingia futi moja na nusu ndani, kata kipande cha upana wa vidole viwili. Kipime papo hapo kwenye mizani ya jikoni ya gramu. Kisha kikaushe kwenye oveni, au kwa sufuria kama mama anavyooka keki ya mkaa, moto mdogo, kisiungue. Toa, pima, rudisha, mpaka uzito usishuke tena. Tuseme kilikuwa gramu 250 kikaishia 200. Maji yaliyotoka ni gramu 50. Gawanya 50 kwa 200, ni asilimia 25. Ubao huo mbichi, ingawa kwa hesabu ya mahindi ungesema 20. Kinachopungua kutoka 25 hadi 11 ndiyo zile nyufa zangu za Agosti.

Ukikuta mbichi, si lazima urudishe. Nunua Mei au Juni, mvua zikiisha, na ukaushe mwenyewe. Panga juu ya matofali, angalau futi moja kutoka ardhini, kivulini lakini upepo unapita. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya inchi moja, kila futi mbili, na vijiti vikae mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Kijiti kikikaa pembeni ya mwenzake, ubao unajipinda pale pale. Paka rangi iliyobaki kwenye ncha zote ili zisipasuke. Juu weka mawe. Weka alama kwenye ubao mmoja ulio rahisi kuuchomoa, upime kila baada ya wiki mbili. Uzito ukibaki ule ule mara tatu mfululizo, ubao umetulia na hewa ya hapa. Kwa unene wa inchi moja tegemea miezi mitatu au zaidi ya kiangazi. Baadaye ziingize kwenye chumba chenyewe zikae wiki mbili kabla ya fundi kuzigusa.

Kuhusu karatasi sitazunguka. Mninga, mkurungu na mkongo ni miti ya msitu wa asili, uvunaji wake unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mbao halali zina risiti, zina kibali cha kusafirisha, ile wanayoiita TP, na zimegongwa nyundo. Ukikutwa nazo bila hivyo, zinataifishwa na faini juu, hata kama ulilipa hela yako halali. Muulize muuzaji: mbao zimegongwa wapi, risiti iko kwa jina la nani. Akianza kusema "wewe chukua tu, hapa wananijua", panda pikipiki uondoke. Na mtu akikwambia kuna soko zuri ng'ambo ya mpaka, ujue kwamba mwaka 2022, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Panama, jamii ya mninga na jamii ya mkongo za Afrika ziliingizwa kwenye orodha ya pili, kwa hiyo kuvusha mpaka kunahitaji kibali kingine kabisa.

Sababu yake wakulima mtaielewa haraka. Mche wa mninga porini hufa shina kila kiangazi, mzizi unabaki unanenepa chini, mwaka unaofuata unachipua tena, na unaweza kuendelea hivyo miaka mingi kabla shina halijasimama. Baada ya hapo bado kuna miongo mingi kufikia unene wa kupasua mbao. Mti unaoukata leo ulianza kabla ya babu yako kuoa. Mwenye eka moja isiyolimika vizuri, ila yenye udongo wa kina usiotuamisha maji, apande mtiki. Miaka 20 hadi 30 ni mingi, lakini ni ya kwako.

Hesabu ya kiasi. Chumba cha futi 12 kwa 12. Ubao wa moja kwa sita ukirandwa na kutiwa ulimi na mfereji unabaki na uso wa inchi 5 hivi. Futi 12 ni inchi 144. Gawa kwa 5 unapata mbao 29 za futi 12. Ongeza kumi kwa mia za kukata na zenye kasoro, ziwe 32. Boriti za chini za mbili kwa nne, kila inchi 16, ni 10. Nenda na hesabu yako mwenyewe mfukoni, usingoje ya fundi.

Chini ya mbao kuna njia mbili. Ya kwanza ni sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali, na nafasi chini angalau futi moja na nusu ili mtu aweze kuingia kukagua. Kila nguzo iwekewe kofia ya bati iliyokunjwa kingo kuelekea chini. Mchwa hawezi kujenga njia yake pale bila kuonekana. Acha matundu ya hewa pande mbili za nyumba na uyawekee wavu, vinginevyo umewajengea panya nyumba ya wageni. Ya pili ni kulaza fito za mbili kwa mbili juu ya zege. Hii ni rahisi na ndiyo ninayoshauri wengi, ila zege liwe na nailoni nzito chini yake, na liwe limekauka. Zege la inchi 4 lipe miezi minne. Kulipima ni kama tunavyopima sakafu ya ghala: tandika nailoni ya mita moja kwa moja, bandika kingo zote kwa gundi ya karatasi, acha siku mbili. Ukifunua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi, subiri.

Ukutani acha nafasi ya milimita 12 hadi 15 pande zote. Mafundi wetu hawaipendi, wanaona kama wamekosea kipimo. Mwambie skating itafunika. Bila nafasi hiyo, Januari mbao zitavimba, zitakosa pa kwenda, zitainuka katikati ya chumba.

Na sasa jambo lililonifanya niandike makala hii hapa badala ya kumjibu yule kijana kwa meseji. Nilimuuliza mahindi yake atayaweka wapi mwaka huu. Akasema, "Chumba cha tatu, afande bwana shamba, si nacho kitakuwa na sakafu ya mbao? Gunia hazitapata unyevu." Hapana. Sakafu ya mbao ya nyumba huwa inahesabiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita moja ya mraba. Gunia la kilo 100 linakalia kama nusu mita ya mraba. Ukizipanga sita kwenda juu, una kilo 600 kwenye nusu mita, yaani zaidi ya tani kwa mita. Boriti za mbili kwa nne juu ya nguzo hazijatengenezwa kwa kazi hiyo. Hazitavunjika siku ya kwanza. Zitapinda kidogo kidogo, maungio yatafunguka, na siku moja utasikia mlio usiku.

Kuna na dumuzi. Huyu mdudu, mnayemwita Scania, ni wa ukoo wa wadudu wanaotoboa miti. Alikuja kutoka Amerika ya Kati, na hapa Tanzania alionekana mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa majirani zetu Tabora. Mahindi yakiisha, anaweza kuingia kwenye mbao akasubiri mavuno yajayo. Kwa hiyo ukiweka mahindi juu ya sakafu ya mbao yenye nyufa, punje zinaingia chini, yeye anabaki humo, na mwakani unaweka mahindi safi juu ya wadudu wa mwaka jana. Ghala liwe na sakafu ya zege laini isiyo na nyufa, gunia juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani. Mbao ibaki sebuleni na chumba cha kulala. Na usipake oili chafu kwenye mbao yoyote iliyo karibu na chakula, iwe chaga au sakafu. Harufu inaingia kwenye nafaka na haitoki.

Matunzo ni machache. Piga msasa, paka vanishi mikono mitatu au mafuta ya kitani, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, usimwage ndoo. Kinachomaliza sakafu ya mkulima ni mchanga wa kwenye mabuti, unasaga kama msasa. Weka gunia kuukuu mlangoni na benchi la kuvulia.

Yule kijana amekubali kusubiri. Mbao zake, mninga wenye risiti, zimepangwa nyuma ya nyumba chini ya bati, na jana alinitumia uzito wa ubao wa alama: umeshuka tena kidogo, kwa hiyo bado. Za kwangu nilizing'oa. Mninga nne zile zimekuwa meza. Mtundu, baada ya kukauka na kujikunja unavyotaka wenyewe, ulikwisha jikoni, maana mbao zenye vitobo vya wadudu sizipeleki ghalani hata kama chaga zinahitajika.